Zilipendwa na Vyombo vya Bei Kubwa: Sauti Hupotea Wapi?

Jina la Majengo hupatikana katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Majengo ya Dodoma hujulikana zaidi kwa soko lake, lakini mtaa huo, kama mitaa mingine ya zamani ya mji, una pia wakazi wengi waliokuwa vijana katika miaka ya 1960 na 1970. Kwa watu wa rika hilo muziki wa dansi haukuwa burudani tu. Ulikuwa kalenda: wimbo fulani ulikuwa wa mwaka wa harusi, mwingine wa mwaka wa njaa, mwingine wa mwaka 1973, serikali ilipotangaza kwamba makao makuu yatahamia Dodoma. Nyimbo hizo leo huitwa zilipendwa, ingawa kwa wenyewe zingali zinapendwa.

Dodoma ina haki ya pekee katika muziki huo. Patrick Balisidya, kiongozi wa bendi ya Afro 70, alizaliwa Mvumi, kusini mwa mji, mwaka 1946. Bendi yake ilichukua jina kutokana na mwaka 1970, iliiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977, na mwaka 1979 ikatoa santuri huko Sweden pamoja na wanamuziki wa nchi hiyo. Balisidya alifariki mwaka 2004, na wimbo wake uitwao Harusi haujaondoka katika sherehe za arusi.

Miongoni mwa wapenzi wa nyimbo hizo wamo wanaofikia hatua ya kutumia sehemu kubwa ya kiinua mgongo chao kununua vyombo vya sauti vya bei kubwa: kinanda cha santuri kilichotengenezwa kwa uangalifu, kikuza sauti ambacho mafundi hukiita amplifaya, na spika mbili zilizo ndefu kama mtoto wa darasa la pili. Vyombo vya aina hii huitwa hai-fai, jina lenye maana ya uaminifu mkubwa kwa sauti ya asili, ingawa katika sikio la Mswahili halikubahatika. Mwenye chombo huketi, huweka wimbo aliouchezea akiwa na miaka kumi na minane, na mara nyingine hupata furaha aliyoitarajia. Mara nyingine husema, "Huu si wimbo ule." Makusudi ya makala hii ni kueleza kwa nini kauli zote mbili zina ukweli, na ni kipi hasa kinachonunuliwa kwa fedha hizo.

Kanuni ya kwanza ni rahisi. Sauti iliyorekodiwa hupita katika mlolongo wa vyombo, na kila chombo kinaweza kupunguza kitu au kuongeza uchafu wake. Chombo kinachofuata hakiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea katika chombo kilichotangulia. Mto uliozibwa huko juu hauongezeki maji kwa kupanua mdomo wake.

Safari ya wimbo hadi Majengo

Sehemu kubwa ya nyimbo hizo ilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyoanza kuitwa kwa jina hilo mwaka 1965. Studio zilikuwa katika Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na nyingine nyingi zilirekodi humo. Aghalabu bendi nzima ilipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na sauti ikaandikwa katika utepe wa sumaku. Mpiga tarumbeta akikosea, wote walianza upya. Njia hiyo haikuwa duni kama wengi wanavyodhani. Utepe mpana unaokwenda kasi, katika mashine iliyotunzwa, huweza kuhifadhi karibu kila kitu ambacho sikio la binadamu linaweza kusikia.

Hasara ilianza pale sauti ilipotoka studio. Dodoma iko mbali na pwani, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, na matangazo yaliyofika huko yalikuja kwa masafa ya kati au masafa mafupi. Katika masafa ya kati kila stesheni hupewa nafasi ya kilohezi 9 tu ili isiingiliane na jirani yake. Kwa kuwa wimbi la redio la aina hii hubeba sauti mara mbili, upande wa juu na upande wa chini, nusu tu ya nafasi hiyo ndiyo inayofaa. Yaani sauti zenye mitetemo zaidi ya 4,500 hivi kwa sekunde hazikupata nafasi ya kupita, na redio nyingi ndogo zilikata hata chini ya hapo. Sikio la kijana husikia mitetemo tangu 20 hadi 20,000 kwa sekunde.

Matokeo yake yalikuwa dhahiri. Nguvu kubwa ya herufi s iko juu ya mitetemo 4,000. Kwa hiyo redioni s ilikaribiana na f, na maneno ya nyimbo nyingi yamekaririwa kwa makosa hadi leo. Manyanga na sahani za ngoma, ambazo sauti yake iko juu zaidi, zilififia au zilitoweka kabisa. Masafa mafupi yaliongeza tabia yake nyingine: mawimbi huruka hadi tabaka la ayonosifia, kilomita 100 hadi 300 na zaidi juu ya ardhi, kisha hurudi. Yakifika kwa njia mbili zenye urefu tofauti, mara husaidiana na mara hupingana, na wimbo hupanda na kushuka kama mtu anayeimba akiwa juu ya bembea.

Basi kijana wa Majengo wa mwaka 1972 aliusikia wimbo uliokuwa umekatwa juu. Aliusikia umekatwa chini pia, na hapa ndipo pana jambo la kustaajabisha.

Besi ambayo haikuwapo

Redio nyingi za wakati ule, zikiwamo za National zilizoundwa katika kiwanda cha Matsushita mjini Dar es Salaam, zilikuwa na spika yenye kipenyo cha kama sentimita 10. Spika ndogo kiasi hicho haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa mitetemo iliyo chini ya 150 hivi kwa sekunde. Waya mnene kuliko zote katika gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo, besi isingesikika kabisa. Lakini hakuna aliyelalamika. Watu walicheza, na walichezea besi.

Ufumbuzi wa fumbo hili uko katika ubongo. Waya wa gitaa hautetemi kwa kiwango kimoja tu. Pamoja na 41, hutoa pia 82, 123, 164, 205, 246 na kuendelea, kila kimoja kikiwa kigawe cha 41. Redio ndogo huangusha vile vitatu vya mwanzo na kupitisha 164, 205 na 246. Ubongo hugundua kwamba vilivyobaki vimetengana kwa 41 kila mara, ukahitimisha kwamba chanzo chake lazima kiwe 41, na mtu husikia noti hiyo ambayo haimo hewani. Jambo hili lilichunguzwa Ujerumani na August Seebeck mwaka 1841, akitumia king'ora chenye sahani ya matundu. Mwanafizikia Georg Ohm, yule yule wa kanuni ya umeme, hakukubali, na ubishi wao uliwashughulisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja. Ushahidi umempa haki Seebeck.

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili bila maabara. Simu ya kawaida imekuwa ikipitisha mitetemo tangu 300 hadi 3,400 tu. Sauti ya mwanamume mzima ina msingi wa kama 100 hadi 120. Hata hivyo baba anapopiga simu hajageuka kuwa mtoto. Nzito yake inatambulika.

Hapa ndipo chombo kikubwa kinapoonyesha thamani yake ya kweli. Spika yenye kipenyo cha sentimita 20 au 25, ndani ya kasha la mbao lililopimwa vizuri, huitoa ile 41 au jirani yake hewani. Noti iliyokuwa ikikisiwa na ubongo sasa inagusa kifua. Msikilizaji hugundua kwamba chini ya magitaa mawili yanayojibizana kulikuwa na la tatu lililokuwa likitembea peke yake muda wote. Vivyo hivyo tumba: redioni ilikuwa mlio wa kidole juu ya kopo, na sasa ina ngozi na mwili. Mtu anayesema kwamba ameusikia wimbo wa ujana wake kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sabini hatii chumvi.

Mfuo, vumbi na mawe

Hayo yote ni kwa sharti moja: kwamba besi hiyo imo katika santuri au kanda inayochezwa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri katika miaka ile. Bendi zilizotaka santuri zilitegemea Nairobi. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na mpaka kufungwa mwaka 1977, hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983, njia hiyo ikawa nyembamba sana. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za miaka hiyo hazikuwahi kuwamo katika santuri.

Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ni somo zuri la hesabu. Mizunguko 45 kwa dakika ni robo tatu ya mzunguko kwa sekunde. Mfuo wa nje, ule mstari uliochimbwa ambamo sindano hupita, uko kama sentimita 8.4 kutoka katikati. Mzingo wake ni sentimita 52.8, na kasi chini ya sindano ni sentimita 39.6 kwa sekunde. Mfuo wa ndani, kwenye sentimita 5.4, hupita kwa sentimita 25.4 tu. Sasa sauti yenye mitetemo 10,000 kwa sekunde itachukua nafasi gani? Nje, wimbi lake lina urefu wa maikromita 40, na ndani maikromita 25. Maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa kama 70. Ncha ya kawaida ya sindano ina nusu kipenyo cha maikromita 18. Ni kama gurudumu linaloambiwa lifuate kila shimo la barabara iliyokaribia kuwa na mashimo madogo kuliko gurudumu lenyewe. Kwa hiyo mwisho wa kila upande wa santuri huwa na sauti chafu kidogo kuliko mwanzo. Nyimbo ndefu za dansi, zilizogawanywa sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande mwingine, mara nyingi zilikatwa penye utamu, na utamu huo ukaangukia katika mfuo wa ndani, palipo pabaya zaidi.

Kwa mji wa Dodoma lipo tatizo la ziada. Mvua ya huko ni kidogo, kwa kawaida chini ya milimita 600 kwa mwaka, na hunyesha takriban yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki upepo huchukua vumbi la ardhi iliyotokana na miamba ya matale, nalo lina chembe za kwatsi, ambayo ni ngumu kuliko plastiki ya santuri mara nyingi. Chembe ya vumbi hilo inaweza kuwa na ukubwa ule ule wa wimbi lililoandikwa katika mfuo. Sindano huikandamiza ukutani, na kovu lililobaki halifutiki. Sindano ya bei kubwa haiponyi kovu. Hulisoma kwa uaminifu zaidi. Wapo waliouza vyombo vizuri kwa hasira kwa sababu tu vilieleza ukweli juu ya santuri zao. Ni haki kuongeza kwamba sindano yenye ncha ya umbo jingine, nyembamba zaidi, mara nyingine hugusa sehemu ya ukuta ambayo sindano ya zamani haikuigusa, na hapo santuri iliyodhaniwa imekufa husikika tena. Kuipangusa kwa kanga kavu hakusaidii: msuguano huzaa umeme tuli, nao huvuta vumbi jingine. Kitambaa laini chenye maji yaliyochujwa kwa kuchemsha, na mkono unaofuata mzunguko wa mfuo, hufanya kazi bora.

Kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilikuwa mkombozi wa wasio na santuri. Ukanda wake hupita kwa sentimita 4.76 kwa sekunde, hali utepe wa studio ulikwenda kwa sentimita 19 au 38. Wimbi la mitetemo 10,000, ambalo katika utepe wa sentimita 38 lina urefu wa maikromita 38, katika kaseti hubanwa hadi 4.8. Vumbi kidogo kwenye kichwa cha kusomea hutosha kulifuta. Kisha kaseti zilinakiliwa kutoka kaseti, na kila nakala iliongeza mvumo wake juu ya mvumo wa ile iliyotangulia. Nyingi ya nyimbo zinazopatikana leo katika intaneti zimetoka katika ukoo wa namna hiyo: studio, mnara, redio, kaseti ya kwanza, ya pili, ya tatu, kompyuta. Kuzipitisha katika spika za thamani ni sawa na kusoma barua iliyofifia kwa taa kali.

Redio kaseti ilikuwa na ugonjwa mwingine uliojulikana kila nyumba. Betri, au mawe kama zilivyoitwa, zilipochoka, mota ilipunguza mwendo. Ukipungua kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima hushuka nusu toni, na mwimbaji huanza kufanana na mzee aliyeamshwa usingizini. Mawe yakaanikwa juani, na kwa muda yakapata nguvu, kwa kuwa joto huharakisha mabadiliko ya kemikali ndani ya betri. Tatizo ni kwamba baadhi ya kanda zilirekodiwa mota ikiwa katika hali hiyo. Zikichezwa leo kwa mota imara, huimba juu kuliko inavyopasa na kwa haraka, na hakuna kitufe kinachomwambia mwenye nacho kosa liko wapi.

Wati, waya na masikio

Mnunuzi huambiwa habari za wati. Ni vema ajue kwamba kuongeza nguvu maradufu, tuseme kutoka wati 50 hadi 100, huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kuvutiwa nayo. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili inahitajika nguvu mara kumi. Sebuleni, kwa usikilizaji wa kawaida, spika nyingi hutumia kama wati moja. Habari za waya zina msingi mdogo zaidi. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, mita 5 kwenda na 5 kurudi, una ukinzani wa omu 0.07 hivi mbele ya spika yenye omu 8, yaani chini ya asilimia moja. Waya wa duka la vifaa vya umeme unatosha, na anayeuza waya wa bei ya ng'ombe anauza bei.

Kuna kiungo kimoja katika mlolongo ambacho hakiuzwi popote. Vinyweleo vya sikio la ndani vinavyopokea sauti za juu huchakaa mapema, na havioti tena. Mtu wa miaka 60 aghalabu hasikii vizuri sauti zilizo juu ya mitetemo 10,000 au 12,000, na waliofanya kazi karibu na mashine au waliosimama kila Jumamosi mbele ya spika za ukumbi wamepoteza zaidi. Chombo kinachojivunia kufika mitetemo 40,000 humwahidi mzee kitu ambacho hata mjukuu wake hakisikii. Besi, kwa bahati njema, hudumu zaidi katika umri, na hii ni sababu nyingine ya kuweka fedha katika spika kuliko katika vyombo vilivyo nyuma yake.

Hata besi ina masharti yake. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Marekani walionyesha kwamba sikio huwa zito kwa sauti za chini pale sauti yote inapopunguzwa. Wimbo uliochanganywa kwa ajili ya ukumbi, ukichezwa polepole nyumbani usiku, hupoteza besi sikioni ingawa imo hewani. Ndipo mkono huenda kwenye kitufe, na jirani huanza kugonga ukuta.

Chumba ni chombo

Kitu kinachopuuzwa kuliko vyote ni chumba chenyewe. Chumba chenye mita 4 kwa 3 na kimo cha mita 2.8, kuta za saruji na sakafu ya saruji, kina ujazo wa mita za ujazo 33.6 na nyuso zenye mita za mraba 63. Wallace Sabine, aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard mwishoni mwa karne ya 19, alisumbuliwa na ukumbi ambamo mhadhiri hakueleweka. Usiku aliingiza mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akapima mwangwi, akairudisha kabla ya asubuhi. Alipata kanuni inayotumika hadi leo: muda wa mwangwi kufa, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo wa chumba, ukigawanywa kwa jumla ya unyonyaji wa sauti. Saruji tupu hunyonya kama asilimia 3 ya sauti inayoifikia. Unyonyaji wa chumba hiki ni basi mita za mraba 1.9, na mwangwi wake hudumu sekunde 2.8. Katika muda huo mwimbaji amekwisha kutamka mstari mzima, na maneno yote yamelundikana juu ya mengine.

Yakiingizwa mapazia mazito, jamvi au zulia, godoro lililosimamishwa pembeni, rafu ya vitabu na watu watatu, unyonyaji unaweza kufika mita 10 za mraba. Mwangwi hushuka hadi kama nusu sekunde. Hakuna kikuza sauti, kwa bei yoyote, kinachoweza kuleta tofauti ya kiasi hicho. Wanafunzi wanaweza kupima kwa makofi: mmoja apige kofi katika darasa tupu, kisha darasa likiwa limejaa, na wengine wahesabu.

Urefu wa chumba huleta jambo jingine. Katika hali ya hewa ya Dodoma sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde. Kati ya kuta zilizoachana mita 4, wimbi la mitetemo 43 hurudi na kukutana na lenyewe. Noti hiyo, karibu kabisa na ile ya waya mnene wa besi, itavuma kupita nyingine zote penye kuta na kutoweka katikati ya chumba. Ambaye besi yake inaunguruma kwa noti moja tu asimlaumu fundi. Asogeze kiti.

Wimbo uliomo kichwani

Inabaki ile kauli, "Huu si wimbo ule." Wataalamu wa saikolojia wamegundua kwamba kumbukumbu za mtu mzima hazikusambaa sawasawa katika umri wake, zimelundikana zaidi katika miaka ya tangu kumi hadi thelathini. Muziki wa miaka hiyo hufungwa pamoja na matukio ya kwanza: mshahara wa kwanza, safari ya kwanza ya gari moshi, uchumba. Mwaka 2011 Valorie Salimpoor, Robert Zatorre na wenzao wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba wimbo unaopendwa hutoa kemikali ya dopamini katika ubongo mara mbili: katika sehemu moja wakati wa kilele cha utamu, na katika sehemu nyingine sekunde chache kabla, msikilizaji anapokingoja kilele hicho. Kungoja huhitaji kujua kinachokuja. Asiyeujua wimbo hangoji kitu.

Kumbukumbu hiyo ni sahihi kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1994 Daniel Levitin aliwaomba wanafunzi huko Marekani, wengi wao wasio wanamuziki, waimbe nyimbo walizozipenda bila kusikilizishwa kwanza. Wengi waliimba katika ufunguo wa santuri yenyewe au karibu nao sana. Kwa hiyo mzee anapokataa nakala fulani, yafaa kwanza kuchunguza mwendo wa mashine iliyoinakili kabla ya kusema kwamba umri umemchanganya. Lakini huenda pia alichokihifadhi ni wimbo wa redio ndogo, uliokatwa juu na chini, pamoja na kupanda na kushuka kwake. Akipewa utepe safi wa studio amepewa kitu bora ambacho hakuwahi kuwa nacho. Hiyo si hasara, ila si marejeo.

Na vijana je, ambao husikiliza zilipendwa kama zao? Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa wanafunzi waliosikilizishwa nyimbo maarufu za miaka mingi. Walizipenda za wakati wao, na pia, bila kutarajiwa, zile za wakati ambapo wazazi wao walikuwa vijana. Muziki huingia kwa mlango wa sebule.

Kanda zilizomo kabatini

Hifadhi kubwa ya kanda za Radio Tanzania leo iko chini ya mrithi wake, Shirika la Utangazaji Tanzania. Juhudi kadhaa zimefanywa ili nyimbo hizo zisikike upya. Mwaka 2007 mfululizo uitwao Zanzibara, ulioandaliwa na Mjerumani Werner Graebner na kutolewa Ufaransa, ulikuwa na juzuu la nyimbo za Tanzania za miaka ya 1960. Na mwaka 2012 mradi ulioitwa Tanzania Heritage Project ulianza kuchangisha fedha kwa ajili ya kunakili kanda za redio kidijiti. Kazi yenyewe ni ya subira. Gundi inayoshika unga wa sumaku katika aina nyingi za utepe zilizotengenezwa tangu miaka ya 1970 hufyonza unyevu wa hewa, ikawa nata, na utepe hukwama na kuchubuka unapochezwa. Mafundi huupasha joto la sentigredi 50 hadi 55 kwa saa nyingi katika tanuri maalumu, kisha huwa na muda mfupi wa kuunakili. Utepe wa asetati, ulio wa zamani zaidi, ukitendewa hivyo huharibika. Si kazi ya kujaribiwa nyumbani kwa jiko la mkaa.

Hewa ya pwani ni adui wa utepe. Hewa kavu ya uwanda wa kati ni rafiki yake, mradi vumbi lizuiwe. Kwa hiyo kaseti iliyorekodiwa kutoka redioni miaka arobaini iliyopita na kusahauliwa katika kabati la nyumba ya Majengo inaweza kuwa na hali njema kuliko dada zake wa Dar es Salaam, na pengine ina wimbo ambao utepe wake wa asili umepotea. Kaseti ya namna hiyo isichezwe mara kwa mara kwa ajili ya wageni. Vivunjwe kwanza vile vibati viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, ili isifutwe kwa bahati mbaya. Isokotwe taratibu hadi mwisho na kurudishwa, ichezwe mara moja katika mashine iliyosafishwa kichwa, na inakiliwe wakati huo huo. Baada ya hapo isimamishwe wima ndani ya kasha lake, mbali na dirisha, na isiwekwe juu ya spika mpya, mahali ambapo wengi huzipanga kaseti zao kwa fahari, kwani ndani ya kila spika mna sumaku.